Aliyekaa Kiti cha Nyuma

Harelimana alilaza gunia la mchele ndani ya buti, akalifunga kwa kamba kwa sababu kifuniko hakikuwa kinakaza vizuri, kisha akawapungia mkono wakulima wa Bugarama waliokuwa wanaosha miguu kwenye mfereji. Wawili walimpungia. Wengine walijifanya wanaangalia mpunga wao.

Alikuwa amezoea.

Jua lilikuwa linashuka nyuma ya milima ya Kongo. Kila wiki alifanya safari hii, kushuka kwenye tambarare kuchukua mchele ambao mke wake, Mukandekezi, aliuuza katika soko la Kamembe. Angekuwa na gari la kawaida, pikapu nyeupe iliyokunjikakunjika kama za watu wengine, hakuna ambaye angemtazama mara mbili. Lakini gari lake lilikuwa jekundu, la Kijerumani, milango miwili, silinda sita, limeinama mbele kama mnyama anayenusa njia. Mwaka ule wa 1999 hakukuwa na lingine la namna ile kutoka Kamembe hadi Bugarama. Watu walilijua kwa sauti kabla hawajaliona.

Na walidhani wanamjua mwenyewe pia. Mwanaume wa gari kama lile ameiba vitu vya waliokufa. Kama hakuiba, anavusha dhahabu pamoja na wanajeshi. Kama havushi dhahabu, basi ametoa kafara mtu wa damu yake. Harelimana alikuwa dereva wa lori tu, aliyerudi kutoka kambi za wakimbizi za Bukavu mwaka 1996 bila hata godoro. Alikwenda na binti, akarudi bila binti. Halafu akaonekana na gari. Watu waliunganisha wenyewe.

"Alitoaka mutoto," wanawake wa soko walinong'ona. "Batu ba gari kama ile, batatu kwa batatu, kila mumoja iko na kaburi yake."

Haikuwasaidia kitu kuambiwa kwamba Iriza alikufa kwa homa njiani, akiwa na miaka sita, siku walipokimbia kambi. Kwamba walimzika kando ya barabara ng'ambo ya mto Rusizi na kuendelea kutembea kwa sababu nyuma walisikia risasi. Kwamba gari lilikuja miaka miwili baadaye. Mukandekezi alieleza hayo mwanzoni kwa kila mtu, baadaye kwa wachache. Harelimana hakueleza kwa yeyote. Tangu pale kando ya barabara, kitu ndani yake kilikuwa kimekufa ganzi, kama mguu uliokaliwa muda mrefu. Alikula. Alifanya kazi. Akiitwa, aliitika. Hakuwahi kulia.

Gari alipewa na patron wake wa zamani, Papa Buhendwa, mfanyabiashara wa Bukavu aliyempa kazi ya lori wakati yuko kambini. Vita vilipoanza tena upande ule, Agosti 1998, Buhendwa alivuka daraja la mpakani la Rusizi ya kwanza akiliendesha gari mwenyewe, akamtafuta Harelimana mpaka akampata, akamwekea funguo mkononi. "Ni yako," alisema. "Ulinitumikia bila kuniibia." Kisha akarudi Bukavu kwa miguu, haraka, bila kugeuka nyuma. Harelimana hakujiuliza kwa nini. Wakati ule hakuwa anajiuliza mambo.

Lakini kilichowatisha watu kuliko yote ni kwamba aliliendesha polepole.

"Gari ya kukimbia ikienda polepole," walisema, "iko natafuta muntu."

Sababu yake Harelimana hakumwambia hata mkewe. Safari ya kwanza kabisa, alipokanyaga mafuta kwenye tambarare, alihisi kitu kinasukuma mgongo wake kupitia kiti. Vitu viwili. Vidogo, vya mviringo.

Magoti ya mtoto.

Aligeuka. Kiti cha nyuma kilikuwa kitupu. Alipunguza mwendo, magoti yakalegea. Aliongeza, yakasukuma, kama ya mtoto anayejishikiza kwa woga. Hivyo ndivyo Iriza alivyokaa kwenye lori, siku zile, nyuma ya kiti chake, magoti mgongoni kwa baba.

Harelimana hakushtuka. Alipunguza mwendo tu, na tangu siku ile hakukimbia tena. Hakusema neno, maana alihofu kwamba akisema, magoti yataondoka. Katika dunia nzima iliyokuwa imekufa ganzi, sehemu mbili tu za mgongo wake zilikuwa zinasikia kitu.

*

Jioni hiyo alikuwa hajaanza kupanda milima ya Nyakarenzo alipowaona. Wanaume wanne, na ingobyi, ile machela ya kufuma ambayo wagonjwa wa vijijini hubebwa nayo. Walikuwa wameitua pembeni ya lami, pale njia ya Nyakabuye inapotokea. Mwanamke alikuwa amelala ndani yake. Mama mmoja mzee alisimama katikati ya barabara akipunga kitenge.

Halafu akasikia sauti ya injini. Akashusha kitenge.

Wanaume waliinua machela na kurudi nayo nyuma, mpaka kwenye majani.

Harelimana alisimama. Alishusha kioo.

"Mugonjwa?" aliuliza.

Mwanamke kwenye machela alitoa sauti, si ya kulia, sauti ya mtu anayenyanyua kitu kizito. Kitenge chake kilikuwa kimelowa mpaka kwenye magoti.

"Iko nazaa tangu jana," mama mzee alisema hatimaye. "Mutoto amekataa kutoka. Tunangojea gari."

"Saa hii hakuna gari ingine itapita, Maman. Wote banaogopa njia."

"Tutangojea."

"Atakufa hapa."

Wale wanaume walitazama chini. Mmoja alisema taratibu, bila hasira, "Na ndani ya gari yako, Mzee, atafika?"

Harelimana alifikiri angesikia uchungu kwa swali lile, akasubiri, hakuna kilichokuja. Alikuwa anashika gia aondoke, wakati mwanamke alipoinua kichwa. Aliitwa Uwamariya, na mama mzee alikuwa Mukansanga, mama yake mzazi.

"Mama," alinong'ona. "Muniweke mule."

"Binti yangu, ile gari..."

"Muniweke."

Walimwingiza kwa shida, kwa kuwa milango ilikuwa miwili tu, wakamlaza kiti cha nyuma peke yake. Mukansanga alikaa mbele, rozari mkononi, amejibana kwenye mlango asimguse dereva. Wanaume walibaki na machela tupu. Walitazama gari likiondoka kama watu wanaotazama jeneza.

"Papa," Mukansanga alisema baada ya muda mfupi. "Banasemaka hii gari inakimbia."

"Ndiyo, Maman."

"Basi ikimbie."

Harelimana alikanyaga.

Injini ilifungua koo. Mteremko, daraja dogo, kona. Alingoja magoti. Hayakuja. Badala yake gari lilianza kuwa zito. Lilipanda vilima vya Nyakarenzo likihema, kama vile kuna watu sita ndani, na nyuma lilikuwa limeshuka mpaka tairi zikakwaruza bodi. Alishuka gia. Alishuka tena. Taa zilimulika migomba, zikamulika ukuta wa udongo mwekundu, na ndani ya gari ikaingia harufu.

Udongo mbichi. Udongo uliotoka kuchimbwa sasa hivi.

Nyuma, Uwamariya alikuwa anaongea.

"Ndiyo..." alisema. Akanyamaza kama anayesikiliza. "Ndiyo, inaumiza... Hapana, wa kwanza... Sijuwe kama ni kijana ao ni binti..."

"Homa imemupanda," Mukansanga alinong'ona, na punje za rozari zikaenda haraka zaidi.

Harelimana aliinua macho kwenye kioo.

Aliona uso wa Uwamariya, jasho, macho yaliyofumbwa. Aliona nywele zake zikilala, kisha zikiinuka, kisha zikilala tena, kama nywele zinazopapaswa. Na aliona kwamba kichwa chake hakikugusa kiti. Kilikuwa juu yake, kwa unene wa mapaja ya mtoto mdogo. Kimelazwa. Kimetulia.

Chini yake hakukuwa na kitu.

"Jina yake?" Uwamariya alisema, na akatabasamu kidogo. "Nilishachagua. Hata bwana yangu sijamuambia..."

Akaligeuza shavu pembeni, akanong'ona neno moja.

Papo hapo gari likawa jepesi. Liliruka mbele hivi kwamba Harelimana karibu atoke barabarani. Taa za Kamembe zilikuwa zinaonekana. Kwenye kioo, kichwa cha Uwamariya kilikuwa kimelala juu ya kiti kama kichwa cha mtu yeyote.

Hospitalini walimchukua mbio. Harelimana alibaki nje ameshika usukani. Aligeuka, akatazama kiti cha nyuma kitupu. Akafikiri: ni Iriza. Amemsaidia mwanamke. Mtoto wangu amemshika kichwa mwanamke anayezaa.

Usiku ule alilala vizuri kuliko usiku wowote tangu mwaka 1996.

*

Baada ya juma moja na siku kadhaa, Mukansanga alikuja nyumbani kwa miguu. Hakukubali kiti. Alisimama mlangoni, Mukandekezi akamletea maji, akayashika bila kunywa.

"Binti yangu ni muzima," alisema. "Mutoto pia ni muzima. Asante, Papa. Sikujaga kwa mabaya."

"Nashukuru, Maman."

"Lakini hajalia. Tangu azaliwe. Anafungua macho, anapumua, docteur amemupima, haoni kitu. Hanyonyi. Tunamukamulia maziwa na kijiko. Ukimutazama..." Alitafuta neno. "Ni kama nyumba yenye mulango wazi, na ndani hakuna batu."

Mukandekezi alijifunga kanga vizuri.

"Siku ya kumupa jina tulikusanyika," Mukansanga aliendelea. "Ndugu bote, na chakula. Uwamariya alikuwa na jina tangu zamani, alikuwa analificha kama batu ba kwetu banavyofanyaka. Tukamuambia, sema. Akafungua kinywa. Hakuna. Jina limemutoka. Tukajaribu jina ingine, la babu yake, basi muzee mwenye kulisema akasahau katikati. Kila jina inakataa. Papa, binti yangu anasema mule ndani ya gari kulikuwa mutoto wa kike, alimushika kichwa, akamuuliza jina. Anasema ni ule mutoto tu analijua." Aliweka kikombe chini. "Sikukuja kukushitaki. Nakuuliza tu. Ni mutoto gani?"

Harelimana aliona jasho la Mukandekezi likitoka juu ya mdomo. Alijua mkewe anafikiri nini: Iriza. Alikuwa analifikiri yeye mwenyewe.

"Sijui, Maman," alisema. "Lakini najua wa kumuuliza."

*

Asubuhi yake alivuka Rusizi ya kwanza kwa miguu, katikati ya wanawake waliobeba nyanya na unga migongoni, akapanda mpaka Bukavu. Nyumba ya Buhendwa ilikuwa na mapazia yaliyofungwa. Mzee alikuwa amekonda. Alimpokea Harelimana sebuleni, akamtazama usoni, na hakuuliza amekuja kwa habari gani.

Kwenye dirisha msichana mmoja alikuwa amekaa anadarizi kitambaa. Harelimana alimkumbuka: Reine, binti wa pekee wa patron, aliyekuwa na kelele nyumba nzima, aliyekuwa anawaiga madereva wote sauti.

"Mwite," Buhendwa alisema.

"Mademoiselle Reine. Jambo."

Msichana hakugeuka.

"Mwite tena."

"Reine."

Sindano iliingia, ikatoka. Buhendwa aliinuka, akamgusa bega. Hapo ndipo alipoinua uso, mzuri, mpole, akatabasamu kama mtu aliyeulizwa habari za mji ambao hajawahi kufika.

"Batu ba inje banalisema, lakini yeye halisikii tena. Mama yake hawezi kulisema tena hilo jina," Buhendwa alisema alipokaa. "Analianza, linamupotea. Mimi naweza, kwa sababu ni mimi mwenye makosa. Nafikiri ndiyo azabu yangu."

Kisha alieleza, kwa sauti ya chini, akitazama sakafu.

Mwaka 1996, jioni, alikuwa anatoka Kavumu na gari jekundu. Alipenda kukimbia. Bukavu nzima ilijua kwamba Buhendwa anapenda kukimbia. Walimwita majina kwa ajili hiyo, naye alifurahi. Kwenye njia kulikuwa na watu wengi wa kambi, wanatembea. Mtoto wa kike alitoka katikati yao. Sauti ya kumgonga ilikuwa ndogo, alisema. Ndogo kuliko unavyofikiri.

"Hukusimama," Harelimana alisema.

"Muntu wa gari kama ile hasimamake. Wangenichoma ndani yake. Unajua vile tunaonwa." Alipangusa kinywa. "Nilirudi kesho yake, na gari ingine. Walikuwa wamemuzika pale pale. Niliuliza ni wa nani. Hakuna. Alikuja peke yake katikati ya batu, hakuna aliyemujua, hakuna aliyejua anaitwa nani. Wakaweka majiwe juu, basi."

Harelimana alisogea ukingoni mwa kiti.

"Nyuma ya miezi kadhaa yule mutoto akaanza kukaa mule ndani ya gari. Mimi sikumuonaka. Reine alikaaka nyuma siku ya Dimanche, tukienda misa. Siku moja nikasikia anajibu mtu jina lake." Mzee alifumba macho. "Mufumu mumoja, muganga wa kule Walungu, akaniambia: yule anatafuta jina, sababu hana. Atachukua ya kila muntu anayemupa. Peleka gari ng'ambo ya mto, maji itakata njia."

"Ukaniletea mimi."

"Nilijua wewe hauna mutoto tena," Buhendwa alisema. "Nilifikiri, kwake hakuna kitu cha kuchukua."

Harelimana alingoja hasira. Alimtazama yule mzee, akatazama msichana dirishani. Alichokisikia kilikuwa kidogo tu, mbali sana, kama mtu anayegonga mlango wa nyumba ya tatu.

Yule wa kiti cha nyuma hakuwa Iriza. Mwaka mzima alikuwa ameendesha polepole kwa ajili ya mtoto wa watu wengine.

Aliaga.

*

Jua lilikuwa linazama alipolichukua gari na kulipeleka Nyakarenzo, mpaka kwenye ukuta wa udongo mwekundu. Alisimama pembeni. Alizima injini. Mvua nyepesi ilianza, ikagonga bati la paa.

Hakugeuka nyuma.

"Niko hapa," alisema.

Ilikuwa mara ya kwanza kusema naye.

Mvua. Halafu springi za nyuma zikalia, taratibu, kama mtu anasogea ili apate nafasi. Harufu ya udongo ikaja. Na magoti mawili yakasukuma kiti.

"Papa," sauti ilisema. Ndogo. Yenye kiu. "Wewe haunisemeshake."

"Nilifikiri wewe ni mwingine."

"Nani?"

Aliona pumzi yake mwenyewe kwenye kioo cha mbele.

"Ile jina ya mutoto wa Nyakabuye," alisema. "Umurudishie."

"Alinipa mwenyewe."

"Najua. Umurudishie. Ni mudogo, hana kitu ingine."

"Na mimi?"

Mvua iliongezeka. Pale nje, kwenye mwanga wa mwisho, mtu mmoja aliyejifunika jani la mgomba alilipita gari kwa upande wa mbali kabisa wa barabara, akikimbia.

"Na ya Reine?" Harelimana aliuliza. "Binti wa Bukavu."

"Ile ilikuwa kubwa kwangu," sauti ilisema, bila ubaya, kama mtoto anayezungumzia nguo. "Niliiacha njiani."

Alifumba macho. Mikono yake ilikuwa baridi kwenye usukani. Alijua alichokuja kufanya tangu alipotoka sebuleni kwa Buhendwa. Alikuwa amekijua daraja zima, mlima mzima.

"Nitakupa ingine," alisema. "Itakutosha. Ni ya mutoto kama wewe."

"Ya nani?"

"Ya mutoto wangu."

Magoti yaligeuka kidogo mgongoni kwake. Yalikuwa yanafikiri.

"Yeye hataitumia?"

"Hapana," Harelimana alisema. "Hataitumia tena."

"Nipatie basi."

Alilisema. Alilisema kwa sauti nzima, mara moja, kama alivyokuwa analiita jioni kutoka mlango wa hema wakati chakula kimeiva.

Gari likawa jepesi.

*

Habari zilikuja na mwanamke wa Nyakabuye aliyeleta maharage sokoni. Mtoto wa Uwamariya alikuwa amelia. Jioni ya mvua, ghafla, mpaka majirani wakatoka nje. Alinyonya hadi akapaliwa. Mama yake aliangua kicheko katikati ya machozi, akasema jina lile kwa sauti, Tuyisenge, na hakuna aliyelisahau. Mukansanga alituma kuku. Hakumleta mwenyewe.

Mukandekezi alimchinja yule kuku siku hiyo hiyo. Alikuwa na furaha ya namna yake, ya kimya. Kabla ya kula alisimama mezani, akafumba macho, akasali kama alivyosali kila jioni.

"Na mutoto wetu," alisema, "umupumzishe mahali pazuri, mutoto wetu..."

Midomo yake ilicheza. Halafu akasema amina.

Harelimana alikuwa ameshika kijiko.

"Umesema nani?" aliuliza.

"Nani, vipi?"

"Jina. Umesema jina gani?"

Mukandekezi alimtazama. Akalisema. Harelimana aliona meno yake, aliona ulimi ukigusa mahali na kuondoka. Alisikia sufuria inachemka. Alisikia mbwa wa jirani, na mbali, lori likipanda kutoka mpakani. Kila kitu alikisikia.

"Rudia."

Alirudia, polepole, kama mtu anayemfundisha mtoto kusoma.

Hakuna.

"Harelimana," mkewe alisema. Sauti yake ilikuwa imebadilika. "Mutoto wetu anaitwa nani?"

Alifungua kinywa. Alimkumbuka yote. Kigauni cha njano. Pengo la mbele. Uzito wake mgongoni ile siku ya mwisho, joto lake, na jinsi joto lile lilivyopungua huku wanatembea. Alilitafuta jina pale lilipokuwa siku zote, na pale palikuwa pamefagiliwa safi.

Na hapo, baada ya miaka mitatu, kitu kiliamka ndani yake. Kiliamka chote kwa mara moja. Alianza kulia juu ya chakula, kwa sauti, na hakujua amwite nani.

Mukandekezi hakumgusa. Alimtazama muda mrefu, kisha akatazama nje ya mlango, pale gari lilipokuwa limesimama kwenye mvua, na taratibu akavuta kiti chake nyuma.

Harelimana alimweleza kila kitu usiku huo. Hakuna ajuaye Mukandekezi alielewa nini. Sokoni, wanawake wakisema kwamba mume wake alitoa mtoto kwa gari, siku hizi hawabishii tena. Anapima mchele.

Gari haliuziki. Halijasogea pale uani, na magurudumu yameanza kuzama. Kila jioni, kabla giza halijaingia sawasawa, Harelimana hutoka, hufungua mlango, huketi. Jirani mmoja aliyepita karibu anasema alimsikia anaongea na mtu, sauti ya chini, ya upole, kama baba anayembembeleza mtoto mkaidi.

"Unaitwa nani?" anauliza.

Anangoja. Anasikia pumzi inavutwa, ile ya mtoto aliye na jambo la kujivunia. Halafu kimya kifupi. Halafu kicheko kidogo, cha furaha.

"Rudia kidogo," Harelimana anasema. "Rudia, mama. Sikusikia."